Barabara ya madini ilipatikana. Ya batu iko wapi?

Bandugu wa Masisi na Walikale,

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, M23 ilipoingia Goma, uwanja wa ndege umefungwa. Tarehe 30/10/2025, kule Paris, Rais Macron alitangaza kama utafunguliwa kwa ndege za misaada. AFC/M23 ikajibu kama haikuulizwa. Bakubwa banabishana juu ya uwanja. Sisi tunauliza: hata ukifunguliwa kesho asubuhi, mama wa Walikale ataufikia na nini?

Uwanja wa Goma uko ndani ya muji. Mutu wa Birere anaenda kwa mguu, wa Katindo anapanda moto, inaisha. Kwa sisi safari inaanza ndani ya matope, halafu bariere moja nyuma ya ingine, kila moja na franga yake.

Basituambie kama Walikale ni mbali, haiwezekani. Miaka ya 2007 na 2008, ndege za Antonov zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya barabara yenyewe, kwenye kipande cha lami, kubeba kasiterite ya Bisie mpaka Goma. Kasiterite ilipata barabara, ikapata na ndege. Mutu aliyeitoa Bisie alitembea porini na mufuko wa kilo 50 ku mugongo.

Kwetu ndege si kitu cha kujionyesha. Njia ya chini ikikufa, ndege njo inakuwa bisi. Na leo hata mutu wa Goma anayetaka kufika Kinshasa anapitia mupaka, anatafuta ndege Kigali ama Entebbe. Kwenda mji mkuu wa inchi yako, unaomba njia kwa majirani!

Kuna banaosema: vita iishe kwanza, njo tutaongea barabara. Hapana. Njia ya Sake–Masisi–Walikale ilikuwa matope hata mbele M23 haijarudi mwaka 2021. Matope haivai sare ya jeshi yoyote. Na bariere hazikungoja amani ili zianze kulipisha.

Kwa hiyo tunadai:

1. Uwanja wa Goma ufunguliwe kwa raia, si kwa misaada peke yake, na silaha isipite pale.
2. Wenye bunduki bote, bila kuchagua upande, baondoe bariere za franga.
3. Serikali ya Kinshasa iandike barabara ya Sake–Masisi–Walikale kwenye bajeti, itume makuta kweli, na iweke bisi za umma zenye bei inayojulikana na kila mutu.

Kama waliweza kusimamisha magari ili ndege ya madini itue, banaweza kutengeneza barabara ili mugonjwa apite. Tutaendelea kuuliza, bila bunduki, bila kunyamaza.