Tusiulize Chanzo Pekee: Mnyaa wa Tabora na Seli za Ngozi

Ugonjwa ukizuka, watawala na watawaliwa huuliza: umeletwa na nini? Ni nadra kuuliza: unalelewa na nini? Tofauti ya maswali haya inaonekana katika ua wa mnyaa, mti wa vijiti vya kijani na utomvu mweupe unaozungushwa kaya na mazizi huku Tabora, ilikopita njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Kila mwenyeji ajua kwamba utomvu huo huunguza macho. Wachache wajua kwamba una esta za foboli, ndugu za zile zilizomo katika mafuta ya krotoni. Miaka ya 1940 wanasayansi waliipaka ngozi ya panya dozi ndogo ya kemikali ya saratani, kisha wakaipaka mafuta hayo mara kwa mara. Vivimbe vikaota. Utaratibu ulipogeuzwa, mafuta yakatangulia, havikuota. Mafuta si chanzo, ni kichochezi.

Foboli huiga ujumbe wa ndani ya seli na kuamsha kimeng'enya kiitwacho proteini kinasi C. Seli huhimizwa kugawanyika, nayo kazi hiyo yataka nishati na malighafi. Ndiyo maana, katika majaribio ya maabara, seli zilizotiwa foboli huvuta glukosi nyingi zaidi kwa muda wa saa chache. Hazijawa saratani, lakini zimeanza kula kama seli za saratani. Hili halihusiani na sukari tunayotia katika chai. Seli ndiyo iliyobadili ulaji wake.

Panya si binadamu, wala sipendekezi minyaa ing'olewe: ni ua wa bei nafuu usioliwa na mbuzi. Hata hivyo, watafiti wameushuku mti huu kuchangia limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto iliyoelezwa nchini Uganda mwaka 1958, ingawa virusi vya Epstein-Barr na malaria ndivyo vinavyotajwa kwanza.

Basi tahadhari isingoje hukumu ya mwisho. Bwana shamba amwambie mkata ua avae glavu na kunawa kwa sabuni. Mwalimu awazuie watoto kuchezea utomvu. Ushauri huo hauna gharama. Mgonjwa wa saratani atokaye Tabora husafiri hadi Bugando au Ocean Road. Safari hiyo ndiyo yenye gharama, na mlipaji ni familia yake.