Anayejifunza Kiha aanze na vibao vya barabarani

Mtumishi anayepangiwa kazi Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, kutoka Tanga, Mtwara au Dodoma huanza Kiha chake pale wanapoanzia wageni karibu wote, kwenye salamu. Anajifunza kusema mwakeye asubuhi, wenyeji wanafurahi, wanaitikia, kisha wote wanarudi kwenye Kiswahili na somo linaishia hapo. Salamu ni adabu na hakuna wa kuipinga. Lakini kama nia ni kuijua lugha, mwanafunzi huyo angefika mbali zaidi kwa kusoma majina ya mahali. Kiha hakifundishwi shuleni, na sarufi yake inayotajwa sana na wataalamu, ile ya Lotta Harjula iliyochapishwa Ujerumani mwaka 2004, imeandikwa kwa Kiingereza. Maandishi ya Kiha anayopishana nayo kila siku, bila kulipa hata senti, ni majina yaliyopakwa rangi kwenye vibao vya kata, shule na zahanati, kuanzia Kakonko, kupita Kibondo na Kasulu, hadi Manyovu mpakani mwa Burundi.

Chukua kata za Kibondo peke yake. Kuna Kitahana na Biturana, Mabamba na Misezero, Rugongwe, Kagezi na Bunyambo. Hata kabla ya kujua jina lolote kati ya hayo lina maana gani, msemaji wa Kiswahili aliyezoea kitu na vitu anashtuka kuona kwamba huku mwenzake Ki- ni Bi-. Anakuta Ka- iliyotulia kwenye kibao cha serikali, wakati kwetu inasikika zaidi kwenye mazungumzo ya utani, katoto na kagari. Tena anagundua jambo ambalo Kiswahili kimemficha tangu utotoni: U- ya ukuta na U- ya utoto hazikuwa kitu kimoja. Kiha bado kinazitenganisha, Ru- huku na Bu- kule, na ndiyo maana Rugongwe na Bunyambo haziwezi kubadilishana vichwa. Anayeishika orodha hiyo ya kata amekwisha kushika sehemu kubwa ya jedwali la ngeli, tena kwa majina ambayo lazima ayatamke kila siku akienda kazini.

Kasulu inaongeza somo la pili. Murusi, Murubona, Murufiti: majina matatu ya kata za mji mmoja yanayoanza kwa namna moja. Kumnyika iko Kasulu, Kumwambu iko Kibondo. Pwani tunaweka mahali mkiani mwa neno, ndiyo maana Dar es Salaam ina Kinondoni, Magomeni na Mikocheni. Kiha, kama Kirundi na Kinyarwanda, ndugu zake wa damu, kinaweka mahali kichwani, kwa mu na ku. Inaelekea karani wa zamani aliuliza watu wanakaa wapi, akajibiwa kwa sentensi nzima, naye akaandika jibu lote kama jina. Mwanafunzi anayeliona hilo ameshapata kanuni ya sarufi, na kesho akisikia mu au ku sokoni atajua pa kusikiliza.

Kuna hoja nzito dhidi ya njia hii, nayo ni kwamba majina yenyewe yameharibika. Kweli yameharibika, na hapo ndipo yanapofundisha zaidi. Mto ambao Warundi wanauita Muragarazi sisi tunauandika Malagarasi. Pori la akiba linaandikwa Moyowosi, ilhali ardhioevu hiyohiyo, iliyoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar, inaandikwa Malagarasi-Muyovozi. Jina ni moja, tahajia ni mbili, na zote ni rasmi. Bujiji imekuwa Ujiji kwa sababu Kiswahili kiliidondosha B, kama kilivyofanya kwa Buganda ikawa Uganda. Buha, nchi ya Waha, nayo ikawa Uha. Lakini Buhigwe na Buyungu zimebaki na B zao, na katika Kasulu kuna Heru Ushingo, ambamo Bushingo ya kale imekwisha kuvaa nguo ya pwani. Mgeni akizipanga jozi hizi anajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja, ya wenyeji na ya makarani. Haya si ya Kigoma tu. Anayeanza Kithai naye hukuta mapema kwamba mji ambao dunia inauita Bangkok, wenyewe wanauita Krung Thep.

Wengine watasema majina hayana maana tena, na kila mzee ana hadithi yake ya asili ya jina la kijiji. Nakubali kwamba hadithi za namna hiyo zichukuliwe kwa tahadhari, nyingi zimetungwa baada ya jina. Zaidi ya hapo, ramani ya Buha imepanguliwa mara kadhaa: serikali ya kikoloni iliwakusanya watu katika miaka ya 1930 kukwepa malale, na Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 ikawahamishia katika vijiji vya ujamaa. Jina la kijiji cha leo linaweza kuwa limefunika majina ya vilima kadhaa ambayo hayamo katika daftari lolote. Lakini mwanafunzi wa mwanzo hahitaji asili ya jina. Anahitaji umbo lake na matamshi yake, na hivyo viwili bado vimo midomoni mwa watu.

Pingamizi la ukabila ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba kuhimiza Kiha ni kuligawa taifa. Mwaka 1963 machifu waliondolewa madarakani na utawala wa watu kama Mwami Theresa Ntare wa Heru ukafika mwisho. Hata hivyo jimbo la uchaguzi la Kibondo linaitwa Muhambwe na la Kakonko liliitwa Buyungu hadi mwaka 2025, majina ya himaya za kale za machifu hao, na sanduku la kura halijawahi kutikisika kwa sababu hiyo. Kiswahili kimeshinda Kasulu kama kilivyoshinda kwingine, hakuna anayetaka kirudi nyuma. Ni kwamba tu muuguzi anayeweza kutofautisha mahali na mahali katika maelezo ya bibi aliyetoka kilimani anafanya kazi yake vizuri zaidi. Na kosa la jina lina gharama: Nyarugusu ya Kasulu, yenye kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996, si Nyarugusu ya Geita yenye dhahabu.

Udhaifu mmoja wa njia hii siwezi kuukwepa. Kibao hakina sauti. Kiha kina toni, kina irabu fupi na ndefu, na tahajia tuliyoizoea haionyeshi hata kimoja kati ya hivyo. Mswahili atayasoma majina yote kwa mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho, na atakosea huku akijiona amepatia. Kwa hiyo vibao peke yake havitoshi, lazima awepo mtu wa kuyatamka majina na mgeni akariri nyuma yake, kama watoto wanavyojifunza chuoni. Simu ya mkononi inayoonyesha njia haimsaidii hapa, kwa kuwa nayo inatamka kigeni.

Kazi hiyo haihitaji mradi mkubwa. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huohuo, ilizilazimu halmashauri zote nchini kuorodhesha mitaa, barabara na vitongoji vyake. Orodha ipo. Kilichobaki ni halmashauri za Kasulu na Kibondo kuwaita wazee wachache wa kila kata, kurekodi kila jina kama wanavyolitamka wao, na kumkabidhi kila mtumishi mpya rekodi hiyo siku anayoripoti, pamoja na barua yake ya kupangiwa kituo. Wakurugenzi waanze na kata za mjini, na waanze kabla wazee hao hawajaisha.