Harusi ya ufukweni inahitaji mita sitini tu

Mabinti wanaokuja kwangu siku hizi huniwekea simu mbele ya uso kabla hata hatujasalimiana. Kwenye kioo kuna bibi harusi wa nchi za mbali, shela limetandazwa juu ya jiwe, nyuma yake maji meupe yanaporomoka. "Mama, nataka hivi hivi." Mimi ni mpambaji wa harusi hapa Mwanza, na jibu ninalo tayari: maporomoko hatuna. Ukiyataka, panda basi uende Materuni, Kilimanjaro, au uvuke mpaka hadi Nyahururu, Kenya, ambako maji ya Thomson yanaanguka mita 74. Ziwa letu nalo lilikuwa na maporomoko yake Jinja, pale Nile inapotokea, lakini bwawa la Owen Falls liliyazamisha mwaka 1954.

Na ungeyapata ungefanyaje na ile kelele? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mashahidi wasiopungua wawili. Shahidi asiyesikia bibi harusi akikubali ameshuhudia nini?

Hata hivyo, hao mabinti nawatetea. Wajomba kwenye kamati husema harusi ya nje ni uzungu. Wajomba hao hao, ng'ombe wa mahari ya dada zao walikaguliwa zizini, mmoja mmoja, mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama. Nenda Bujora mwezi wa Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo: watu wanatoka kwenye ibada na kuingia uwanjani, makundi ya Bagika na Bagalu yanashindana kwa ngoma vumbi linatimka, na hakuna anayeuliza ukumbi uko wapi.

Dini nazo hazijafunga mlango. Nikahi haidai jengo. Kwa Wakatoliki mahali pake ni kanisa la parokia, ila kanuni ya 1118 ya Sheria za Kanisa inampa askofu nafasi ya kuruhusu mahali pengine panapofaa. Kaombeni mapema, msisubiri kadi zichapwe. Wa bomani watoe taarifa siku 21 kabla, na suala la mahali wamalizane na msajili siku hiyo hiyo.

Kazi ya nje ina adabu zake. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu bila kubisha hodi, kwa hiyo nashonea sarafu za shilingi mia kwenye pindo za vitambaa vya meza. Kwenye mawe nimeacha kutumia majani mabichi. Kuna upinde niliusuka asubuhi yote kwa majani ya mpera. Nikaenda kubadilisha gauni, kurudi nikakuta pimbi wameula hadi usawa wa kiuno. MC aliwashukuru kwa kuja mapema kuliko wageni.

Upepo na pimbi tunaviweza. Ufukwe ndio hatuupati. Kutoka Capri Point hadi pande za Ilemela utapita ukuta, geti, ukuta, geti. Pengi palipobaki wazi ni mialo, na dagaa nawaheshimu, lakini harufu yao haitoki kwenye shela kwa kufua mara moja. Basi unakodi bustani ya mtu, na hapo ndipo michango inapoyeyuka. Mwenye bustani mmoja alitudai hela ya keki tuliyooka wenyewe, eti imeingia getini kwake.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwezi Mei 2024 maji yalipanda kuliko ilivyowahi kupimwa katika ziwa hili, na waliojenga karibu waliona. Zulia nalikunja dakika tano. Ukuta haukunjwi. Sasa niambieni, kuna shughuli gani isiyo ya kudumu kuliko sherehe ya saa nne? Viti vinakuja na kirikuu, vinaondoka na kirikuu, na ukinibana hata makombo ya pilau naokota.

Naziomba Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela zitenge vipande viwili vitatu vya ufukwe ndani ya mita hizo 60, ziweke choo, bomba la maji na kibao chenye ada ya kibali iliyoandikwa kwa rangi isiyofutika. Najua madiwani watahofia muziki wa usiku. Sawa, kibali kiishe saa kumi na mbili na nusu jioni. Jua likizama picha zenyewe huwa zimekwisha, wanaotaka kukesha waende ukumbini. Ada hiyo nitailipa mwenyewe kaunta, na risiti nitaibana kwenye bajeti ya kamati, ukurasa wa kwanza, chini ya gharama ya ukumbi ambao wajomba walishaanza kuulipia.