Afya Nyumbani: Kuvimba Si Kunenepa

Twazoea kumsifu mtu aliyenenepa na kumhurumia aliyekonda. Lakini mizani haisemi yote, hasa kwa mtoto.

Tumtazame mtoto wa miaka miwili, aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mama yake ana mimba nyingine. Asubuhi na jioni hulishwa bugali wa muhogo, na tumbo lake hushiba. Baada ya miezi michache miguu na mashavu yajaa, nywele zabadilika rangi, naye hataki kucheza wala kula. Jirani asema: "Huyu amenona!" La, hakunona. Ni maji yaliyomjaa mwilini.

Ugonjwa huo huitwa kwashiorkor, jina la watu wa Ga wa Ghana, lililotangazwa na daktari Cicely Williams mwaka 1935. Ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani na mdogo wake. Hapa kwetu, madaktari wa Lwiro, Kivu ya Kusini, waliuchunguza tangu miaka ya 1950.

Utautambuaje? Bonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, ukihesabu hadi tatu. Vishimo vikibaki, mpeleke mtoto katika kituo cha afya siku hiyohiyo. Usimshindilie maharagwe ili apone upesi. Mwili uliodhoofika hutaka maziwa ya dawa yaliyopimwa. Tena usishtuke uzito wake ukipungua kwanza: maji yanatoka, naye anapona.

Kinga yake yaanzia chunguni. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, protini, yaani kijenga mwili, haizidi gramu 2 hivi. Katika maharagwe makavu ni gramu 21 hivi, karanga 25, soya 36. Nyama ni ghali, lakini maharagwe hulimwa Masisi na Rutshuru, karibu na Goma. Yakiliwa pamoja na mahindi, hukamilishana: kilichopungua katika moja hupatikana katika jingine. Kwa mtoto, yapikwe hata yalainike, yapondwe, yatiwe mafuta ya mawese kidogo. Sombe nayo hufaa, ikitwangwa na kupikwa sana.

Na mtu mzima aliyeshauriwa na daktari kupunguza uzito, je, ayakimbie maharagwe? Hasha! Protini na nyuzi zake humshibisha kwa muda mrefu. Apunguze fungu la bugali, mafuta, sukari na bia.

Vita vimewafukuza wakulima wengi mashambani mwao, na mifuko ya wazazi ni mitupu. Ndiyo sababu, maharagwe yakiwa machache, aanze kupakuliwa mtoto aliyeachishwa ziwa, kabla ya wakubwa. Nanyi wanafunzi, jioni hii itazameni miguu ya wadogo zenu. Mkiona vishimo, mwambieni mama bila kukawia.