Huru gani huyu anayeitwa kazini katikati ya hitma?

Na Rashidi Mhina

Jumapili tulikuwa Usagara, hapa Tanga, kwenye arobaini ya jirani yetu. Yasini imeshasomwa, masinia ya pilau yanaanza kutoka uani, simu ya mtoto wa marehemu ikaita. Kijana ni fundi wa intaneti, hupanda mapaa ya watu kufunga antena na kuvuta nyaya. Tulikaa jamvi moja, nikamsikia. "Bosi, niko kwenye hitma ya mzee wangu." Kimya. "Leo Jumapili, bosi." Kimya tena. "Sawa, nakuja."

Akavua kanzu palepale. Chini yake alikuwa na fulana yenye nembo ya kampuni, kaivaa tangu asubuhi kwa kuwa alijua watamwita. Akabeba ngazi iliyoegemezwa ukutani, akadandia bodaboda kwenda Raskazone. Wageni wa baba yake tukala bila yeye.

Alirudi baada ya Isha. Nikamuuliza kwa kazi ile amelipwa kiasi gani. Hakulipwa kitu. Yeye, kwa mujibu wa mkataba, ni "mtoa huduma anayejitegemea", na hupewa fungu moja mwisho wa mwezi, afanye kazi saa nne au kumi na nne.

Nikaomba niusome. Ukurasa wa kwanza unasema si mwajiriwa, hivyo hana likizo, hana NSSF, hana malipo ya saa za ziada. Ukurasa wa pili unamtaka aweke kidole kwenye mashine saa 2 asubuhi, avae fulana ya kampuni, asifanye kazi kwa mtu mwingine na apatikane kwa simu muda wote. Huo ni uongo uliopigwa muhuri.

Nilimpigia msimamizi wake. "Shikamoo, mzee." Marahaba. Akanieleza kwa upole kwamba vijana hawa wako huru, asiyetaka anaacha. Hapo damu ilinichemka. Fundi huru namjua mimi: ni seremala mmoja wa Ngamiani. Anakwambia njoo Alhamisi, ukifika anakwambia njoo Jumamosi, na huna la kumfanya, kwa sababu saa zake ni zake. Huyu wa Usagara hana hata saa ya kumwombea baba yake.

Mkoa huu unajua kazi ngumu. Wazee wetu waliokata mkonge walilipwa kwa kipande, na mshahara haukutoka mpaka siku 30 zitimie kwenye kadi. Ilikuwa dhuluma, na siitetei. Lakini mkataji alipomaliza mafungu yake ya siku alirudi kambini, na hakuna aliyemfuata huko kumwambia arudi shambani.

Sababu ya haya yote ni moja: kukwepa gharama. Ukimwita mtu mtoa huduma, unamkata kodi ya zuio 5% kama mfanyabiashara, hulipi mchango wa mwajiri NSSF, na Jumapili yake unaipata bure. Wanasema biashara ni ngumu. Kwani maisha ya fundi ni mepesi?

Na sheria haijalala. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, haijali mkataba umekupa jina gani. Kama saa zako zinapangwa na mwingine, kama unamtegemea kwa riziki, au kama umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, unahesabiwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kijana wetu saa 45 anazimaliza kabla wiki haijaisha. Na mwajiriwa wa kawaida, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, hazidishi saa 45 kwa wiki bila kulipwa mara moja na nusu kwa kila saa ya ziada. Siku yake ya mapumziko ikichukuliwa, ni mara mbili.

Vijana mnaopanda mapaa ya Tanga, andikeni kila siku saa mnayoingia, saa mnayotoka, na kila simu ya Jumapili. Mashine ya kidole nayo inawaandikia. Madai ya malipo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro uzuke.