Heshima iliyochelewa

Mwandishi wa makala juu ya vikosi vya siri vya Uingereza, ningependa umtaje pia Mabel Stranks, mkuu wa posta ya Highworth, Uingereza. Mwaka 1940, Kanali Colin Gubbins alipopewa kazi ya kuunda vikosi vya siri vya kuwahujumu Wajerumani iwapo wangeivamia Uingereza, waliandikishwa wakulima, walinzi wa mapori ya mawindo, hata majangili, maana walijua kila kichaka cha kwao. Waliokwenda kufunzwa katika jumba la Coleshill walielekezwa kwanza kwa mama huyo. Aliwakagua, akapiga simu, ndipo gari likaja kuwachukua.

Kinachoniuma zaidi ni ukimya waliobebeshwa wapiganaji hao. Walitia saini sheria ya siri za serikali, wakaandaliwa mahandaki yenye chakula cha wiki mbili hivi, kwa kuwa haikutarajiwa waishi zaidi ya hapo baada ya uvamizi. Mke hakujua mumewe anakwenda wapi usiku. Wengine waliitwa waoga na majirani kwa kutoonekana jeshini, na hawakuruhusiwa kujitetea! Vikosi vilivunjwa Novemba 1944, na wengi walizeeka na kufa bila kuwaambia hata watoto wao. Ni mwaka 2013 tu ndipo wachache waliosalia walipoandamana Whitehall, London, siku ya kuwakumbuka mashujaa wa vita. Serikali ya Uingereza iliwakosea wazee hawa.

Mwandishi, tafadhali tuandikie makala nyingine juu ya wanawake waliopeleka habari za siri.