BEI RAHISI YA SOLA IMELIPWA NA NANI?



Kutoka Nyeri na Karatina mpaka Nanyuki na Meru, paneli za sola zimejaa mapaani. Bei ikishuka twafurahi, maana mishahara yetu ni midogo. Lakini yatupasa tuulize: bei hiyo imeshushwa na nini?

Paneli nyingi ni za silikoni, nayo hutoka katika mawe ya jamii ya mchanga. Mawe si ghali. Ghali ni kuyasafisha. Huyeyushwa pamoja na makaa katika tanuri ya umeme, kisha husafishwa kwa dawa mpaka uchafu usifike hata sehemu moja katika milioni. Ninyi wa viwanda vya kahawa mwajua jambo hili: buni mbovu chache huharibu gunia zima. Silikoni chafu vilevile hutoa umeme haba.

Kazi hiyo yataka umeme mwingi na mtaji mkubwa. Mwaka 2008 viwanda havikutosha, na kilo moja ikapita dola 400. Vikajengwa vingine vingi, hasa China, na mwaka 2020 bei ikawa chini ya dola 10. Mwaka 2022 ikakaribia dola 40, kisha ikaanguka tena.

Mwaka 2021 ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 45 ya silikoni ya sola duniani ilitoka Xinjiang, ambako umeme wa makaa ya mawe ni rahisi. Lakini Agosti 2022 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema ziko dalili za kazi ya kulazimishwa katika jimbo hilo. Serikali ya China yakana. Kufikia Juni 2022 Marekani ilikuwa ikizuia bidhaa za huko.

Wazee wetu walilazimishwa kuchimba handaki kandokando ya msitu wa Mlima Kenya wakati wa Hali ya Hatari. Watoto wao hawawezi kusema kwamba jambo hili haliwahusu.

Hatusemi msinunue sola. Twasema vyama vyetu vya akiba na vya ushirika vinunue kwa pamoja, vidai kwa maandishi silikoni ilitoka wapi, na kazi ya kufunga apewe fundi mwenye leseni. Mnunuzi mmoja atapuuzwa dukani; wanachama mia tano watajibiwa.

Jasho la mfanya kazi ni moja, liwe la Nyeri au la Xinjiang.